Yungiyungi Linataka Baridi Kwanza, Maji Baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Manyoni aliniandikia kwamba mayungiyungi aliyoyapanda sebuleni (yale ya nchi kavu yaitwayo "lily" kwa Kiingereza, si yale ya majini) yamestawi majani lakini hayaoneshi dalili ya ua, akauliza kama aongeze maji au mbolea. Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona nimempunja, kwa sababu swali lake ndilo lililonisumbua mimi tangu mwaka 2022, na wakati huo sikupata wa kunijibu.

Mwaka huo niliagiza matunguu manne, yaani vile vichwa vinavyofukiwa ili ua liote, kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Yalinifikia hapa Kisasa, Dodoma, yakiwa yamefungwa kwenye gazeti, magamba yake yamelegea kama kitunguu saumu kilichosahauliwa jikoni. Sikujua kwamba tunguu la yungiyungi, tofauti na kitunguu maji, halina ganda kavu la kulihifadhi, hivyo hunyauka upesi lisipofunikwa na kitu chenye unyevunyevu. Niliyapanda kama mama alivyokuwa akipanda vitunguu, vichwa vikichungulia juu ya udongo, nikawa nayamwagilia asubuhi na jioni. Mawili yakaoza, mawili yakatoa majani matupu.

Shangazi yangu, aliyekuja kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu, alisimama mbele ya ndoo zile akasema, wageni wote wakisikia, kwamba Dodoma ni nchi ya zabibu na alizeti, na kwamba ninamwaga bure maji ambayo yangeosha vyombo. Wageni walicheka. Yeye ni dada wa baba yangu, sikuweza kumjibu, lakini neno lile lilinikaa rohoni mpaka Jumapili iliyopita.

Nilichokuwa nimekikosa ni baridi. Yungiyungi ni ua la nchi zenye majira ya baridi kali, na tunguu lake huhitaji kukaa wiki 6 hadi 8, au zaidi, kwenye nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi ili liamke na kutoa ua. Kibaridi chetu cha Juni na Julai, ambacho hutufanya tutoke na masweta asubuhi, hakifikii kiwango hicho. Kwa hiyo kazi hiyo hapa kwetu ni ya friji. Mwaka 2023 nilijaribu, lakini niliyaweka matunguu kwenye droo moja na maembe na ndizi. Matunda yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo inaweza kuliharibu tunguu na matumba yake. Matumba yalijitokeza madogo, yakageuka kahawia, yakadondoka. Siku ile nililia.

Mwaka huu niliyafukia matunguu kwenye maranda yenye unyevu kidogo, ndani ya kopo la plastiki nililolitoboa, nikaliweka frijini mwanzoni mwa Januari na kuwakataza watoto kuweka tunda lolote humo. Nilipolifungua mwezi Machi, kila tunguu lilikuwa limechomoza ncha nyeupe yenye ukubwa wa kidole cha mtoto. Niliyafukia kina cha sentimita 15, kwa kuwa yungiyungi huota mizizi mingine kwenye shina, juu ya tunguu. Ndoo ilikuwa na matundu chini na udongo uliochanganywa na mchanga na mboji. Nilitumia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye madumu, kwani maji yetu ya chumvi yaliwahi kuniunguzia ncha za majani, na nilimwagilia pale tu kidole kilipogusa udongo mkavu. Ndoo ilikaa kwenye dirisha la mashariki, nikiigeuza kila baada ya siku chache ili shina lisiinamie upande mmoja.

Siku ya 104 tangu niyapande, kabla ya kwenda kanisani, tumba la kwanza lilipasuka kwenye mshono, petali nyeupe zikajikunja nyuma taratibu, na harufu ikafika mpaka chumbani. Nilivichomoa vichwa vya chavua kabla havijatoa unga, kwa sababu unga huo hautoki kwenye kitambaa. Paka wa jirani nimempiga marufuku kuingia ndani, kwani yungiyungi huua figo za paka, hata akilamba chavua tu.

Ndugu zangu wa Dodoma na Singida, tusikubali kuambiwa kwamba nyumba zetu zinafaa maua ya plastiki peke yake. Tunalaumu jua na tunalaumu ardhi, wakati friji iko jikoni na hatujaliuliza tunguu linataka nini. Liulizeni. Lipeni baridi kwanza.

Nawe ndugu yangu wa Manyoni, usiongeze mbolea, wala usiyatupe. Yaache majani yafanye kazi yake ya kulilisha tunguu mpaka yawe njano yenyewe, kisha ufukue matunguu, uyafukie kwenye maranda yenye unyevu kidogo na kuyaweka frijini kwa wiki 8, mbali na matunda. Shangazi nimempelekea picha. Amenipigia simu kuuliza kama naweza kumwekea tunguu moja.