"Gung-ho": Kichina Ambacho Wachina Hawakitambui

SWALI: Nafundisha Kiingereza watu wazima kutoka China. Kamusi yetu inasema neno "gung-ho" asili yake ni Kichina, maana yake "kufanya kazi pamoja". Wanafunzi wanakataa katakata, wakisema kwao hakuna msemo huo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Asili ni Kichina kweli, lakini wanafunzi wako wana haki ya kukataa. Gōnghé (工合) si msemo bali kifupisho cha jina la vyama vya ushirika wa viwanda vilivyoanzishwa China mwaka 1938, wakati wa vita na Japani. Rewi Alley wa New Zealand alikuwa mmoja wa waasisi. Herufi ya kwanza imetoka kwenye "viwanda", ya pili kwenye "ushirika". Ukizisoma mojamoja unapata "kazi" na "kuungana", ndiyo maana ile tafsiri ya kamusi ikaenea.

Aliyelivusha bahari ni Evans Carlson, ofisa wa Marine wa Marekani aliyewahi kuwa mwangalizi wa kijeshi China. Mwaka 1942 alilifanya kaulimbiu ya kikosi chake, na mwaka uliofuata Hollywood ikatoa filamu ya vita yenye jina hilohilo. Baadaye asili yake ya ushirika ikasahaulika. Leo neno linamaanisha mtu mwenye hamasa kubwa, mara nyingi iliyopitiliza, hasa anayekimbilia vita au jambo la hatari bila kupima.

Tahadharisha darasa kuhusu gònghé (共和), "jamhuri", iliyomo ndani ya jina rasmi la China. Tofauti ni toni, yaani jinsi sauti inavyopanda au kushuka: hii huanza na toni ya nne, ile ya ushirika na ya kwanza. Hazina undugu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuligeuza kitenzi, eti "let's gung-ho". Hili ni kivumishi, na kwa kawaida hufuatwa na "about": "He is not very gung-ho about the plan", yaani mpango haumchangamshi sana. Tena ni neno la mazungumzo. Mwombaji kazi akijisifu nalo kwenye barua, mwajiri anaweza kusoma "mkurupukaji".

Matamshi nayo yasivutwe na Kichina: silabi ya kwanza inakaribia "gang", ya pili ni "hou", na mkazo mkuu uko kwenye hiyo ya pili.