Ekzosi kuwa nyekundu kwenye mlima

Kaka, umeuliza kwa nini ekzosi ya gari lako la dizeli inawaka nyekundu ukipanda na mzigo wa chumvi ya Uvinza, hiyo sio rejeta, ni fundi kakufungulia pampu ya dizeli imwage mafuta zaidi halafu hewa imebaki ileile. Dizeli sio kama petroli, petroli ukiipunja mafuta ndo inazidi joto, dizeli ukiizidishia mafuta ndo moto unapanda, na ule moshi mweusi unaoacha nyuma ni mafuta yaliyokosa hewa. Kabla hujailaumu turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, kagua mipira ya hewa kutoka kwenye turbo mpaka intakula (inayopoza hiyo hewa) mpaka manifodi inapoingilia injini, mi wangu ulichanika chini ya klipsi kabisa, nilishtukia tu oili imeloa pale na vumbi limegandia, na filta ya hewa nayo ikague, vumbi la huku Kigoma unalijua. Kama una geji ya joto la ekzosi, ikipita nyuzi 700 za Selsiasi kabla ya turbo legeza mguu na urudishe gia, usiisukume inajikongoja kwenye gia ya juu, pistoni zitayeyuka. Ukifika juu usizime hapohapo, iache ingurume dakika 2 au 3 oili isiungulie kwenye shafti ya turbo. Na pampu irudishwe ilivyokuwa.