Maswali ya Wasomaji: Wasichana wanaopokezana baiskeli

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma chuo hapa Malimbe, Mwanza. Nimeona picha ya wasichana wa chuo kimoja cha Indiana, Marekani, wakipokezana baiskeli uwanjani, vifuani wameandikwa herufi za Kigiriki. Mwenzangu anasema timu zote huwa ni za vyama vya wanachuo wa kike na kwamba desturi hiyo ni ya miaka mingi. Ilianzaje?

JIBU: Hizo ni mbio za Little 500, ambazo kwa kawaida hufanyika mwezi Aprili katika Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington. Zilianzishwa mwaka 1951 na Howdy Wilcox, aliyekuwa akiongoza mfuko wa chuo hicho, ili zipatikane fedha za kuwasaidia wanafunzi waliolazimika kufanya kazi huku wakisoma. Mfano ulichukuliwa kutoka mashindano ya magari ya Indianapolis 500, ndiyo maana timu za wanaume ni 33, sawa na idadi ya magari.

Vyama ulivyoviona huwaunganisha wanachuo katika kuishi pamoja, kusaidiana na kulitetea jina la chama. Aliyewahi kuwaona Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora hahitaji maelezo marefu.

Kila timu ina waendeshaji wanne, na hakuna kijiti, kwani kinachopokezwa ni baiskeli yenyewe: anayemaliza zamu huruka chini kabla haijasimama, na mwenzake, ambaye tayari anakimbia kando yake, huidaka na kujitupa kitini. Baiskeli hizo hazina gia za kubadilisha, na breki hufungwa kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume.

Wanawake walikaa pembeni kwa zaidi ya miaka 30. Tangu mwaka 1955 waliandaliwa mashindano yao, Mini 500, ambayo yaliendeshwa kwa baiskeli za magurudumu matatu kama zile za watoto. Waandaaji huenda waliona ni burudani, lakini mimi naona ni dharau. Mwaka 1987 wasichana wanne wa Kappa Alpha Theta, chama kilichoasisiwa mwaka 1870 katika jimbo hilohilo la Indiana, waliingia kwenye mchujo wa wanaume na kuwania nafasi kati ya zile 33. Hawakufuzu. Hata hivyo, baada ya jaribio hilo ilikuwa vigumu kuendelea kudai kwamba wanawake hawana haja ya mbio halisi, na mwaka 1988 zikaanzishwa za kwao: mizunguko 100, yaani maili 25 au kilomita 40 hivi, nusu ya umbali wa wanaume.

Kuhusu dai la mwenzako, ushindi wa kwanza kabisa ulikwenda kwa Willkie Sprint, timu ya wakazi wa bweni, ingawa Theta wamekuja kushinda mara nyingi baadaye. Hadi leo wanafunzi wasio na chama chochote huunda timu zao na kushiriki.