Chumba cha krimu kinataka kitu cheusi, ila sio kabati

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Dar chumba cha kulala ni kile kile, ukuta krimu, malumalu krimu, pazia beji, shuka nyeupe, jipsam nyeupe juu. Kwenye picha panavutia sana ila ukiingia mwenyewe jioni unajiona kama uko wodini, pamepoa tu, jicho halina pa kutua. Mi chumba changu kilikuwa hivyo hivyo na kilichokibadilisha ni kitanda cha mninga kilichopakwa steini (rangi ya mbao inayoacha mistari ionekane) ya kahawia nzito pamoja na stuli moja ya pembeni, basi, ukuta sikuugusa hata kidogo.

Na usiseme haya mambo ya Pinterest. Nenda Lamu au Mji Mkongwe kule Zanzibar uangalie zile nyumba za zamani: ukuta wa mawe ya matumbawe umepigwa chokaa nyeupe pee, juu boriti za mikoko, halafu ndani samadari, kile kitanda cha kizamani cha pwani, ya kuchongwa, kasha lenye misumari ya shaba, na kwa wenye uwezo kiti cha enzi cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe. Vitu vichache, karibu vyote vya rangi nzito, na ukuta mweupe. Watu wa pwani walishamaliza hii kazi zamani sisi tunakuja kuihangaikia leo.

Sasa watu wengi wakisikia fanicha nyeusi wanakimbilia kabati, na hapo mi nakataa kabisa. Kabati la milango minne linalogusa dari kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, ukilifanya jeusi umekula ukuta mzima, chumba kinakuwa nusu. Kabati liache lifanane na ukuta lipotee huko. Weusi peleka kwenye vitu vifupi ambavyo ukuta mweupe unaonekana juu yake na pembeni yake: hedibodi (ule ubao wa kichwani mwa kitanda), vimeza vya kando ya kitanda, dresingi tebo, benchi la miguuni, fremu ya kioo. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu anza na hedibodi, maana ndo ukuta unaouona ukifungua mlango na mito myeupe inakaa mbele yake moja kwa moja.

Kitu kingine, kabla hujaagiza chochote simama mlangoni uhesabu giza ulilonalo tayari. Nyumba zetu zina nondo nyeusi dirishani, mlango wa mbao, fremu za alumini za kahawia, ile bomba ya pazia nayo mara nyingi nyeusi. Hivyo vyote ni fanicha nyeusi ambazo ulishalipia bila kujua. Kama nondo na bomba ni nyeusi, kitanda cheusi au cha kahawia iliyoiva kitakuta wenzake, hakitakaa pekee yake kama mgeni asiyejuana na mtu. Kama mlango ni wa mninga unaovuta kwenye wekundu, usiweke kitanda cheusi tii pembeni yake, chukua kahawia yenye wekundu kidogo viongee lugha moja. Havitakiwi vifanane kabisa eti seti, seti nzima ya rangi moja inaboa, yani kitanda na dresingi na kabati na stuli vyote vimetoka kopo moja.

Haya twende Keko kwa mafundi wa fanicha, au popote fundi wako alipo. Mninga wenyewe ni kahawia yenye mistari, mvule ukikatwa unakuwa wa njano njano halafu unaiva taratibu kadri miaka inavyoenda, mpingo ndo mweusi wa asili ila mti wake unakua pole pole mno na ni mwembamba, kwa hiyo usitegemee kitanda. Mpingo nunua kidogo, stuli ya kuchonga au stendi ya taa pale Mwenge vinyagoni, uweke kwenye kimeza cheupe, kipande kidogo kama hicho kinafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Na ni mzito kweli, ukiutupa kwenye maji unazama, ndo njia moja ya kumjua anayekuuzia mti mwingine uliopakwa kiwi.

Kwa wengi wetu bajeti ni paini, na paini inapakika vizuri tu ila ina tabia yake, inakunywa steini sehemu moja kuliko nyingine, inatoka mabaka. Mwambie fundi apige msasa laini, apake sila nyepesi (ile ya kuziba mbao isinywe sana) kwanza, ikauke, ndo aje na steini, aipake kwa kitambaa akifuata mkondo wa mbao kisha aifute kabla haijashika. Mwombe ajaribu kwenye kipande cha mbao ile ile itakayotumika, ukichukue kipande uende nacho nyumbani ukakiegemeze ukutani kwako, uangalie asubuhi na uangalie usiku. Rangi uliyoichagua juani barabarani pale Keko ukiifikisha chumbani inaweza kuwa nyeusi kabisa.

Halafu steini nzito inaficha mengi jamani. Umelipa mninga, chini yake paini, utajuaje? Vuta droo uangalie mgongo wake na chini yake, huko huwa hawapaki, au bora zaidi nenda ukaione fanicha ikiwa bado nyeupe haijapakwa kitu. Fundi mwaminifu wala hakasiriki ukimwambia hivyo.

Finishi chukua mati, usichukue ile ya kung'aa. Kwa vumbi letu na feni inayozunguka usiku kucha, meza nyeusi inayong'aa ukiifuta asubuhi mchana unaandika jina lako juu yake, na alama za vidole zinaonekana zote. Mati nayo inashika vumbi, tusidanganyane, ila haikuaibishi mbele ya wageni.

Neti! Watu wanasahau neti. Umenunua kitanda kizuri cha giza halafu juu unaning'iniza neti ya bluu, kazi yote imeharibika. Neti nyeupe kwenye nguzo za mbao nyeusi inapendeza kuliko pambo lolote la dukani, na unalala bila mbu.

Mwisho balbu, na hii ni ya bei rahisi kuliko vyote. Ile taa nyeupe kali ya 6500K (hiyo ni namba ya rangi ya mwanga) inafanya krimu ionekane kijivu na mbao nzito ionekane imekufa, mistari yote inapotea. Weka ya njano ya 2700K au 3000K, imeandikwa kwenye boksi, na kama unaweza weka taa ndogo ya kando ili mwanga upige mbao kwa ubavu. Mi ningekushauri ubadilishe balbu kwanza ukae wiki hivi, ndo ukaongee na fundi, maana kuna watu wakibadilisha taa wanagundua kumbe wanahitaji stuli tu na hela ya kitanda inabaki.