Muulize Bi Mkubwa: Koroma likiitwa dafu

Shikamoo Bi Mkubwa. Nauza madafu Mwembe Tayari. Mdogo wangu wa chuo aniambia kuna wanafalsafa wa Marekani wasemao kweli ni kile kinachofaa. Basi nikimuuzia mtu koroma nikamwambia ni dafu, naye akalipa, nimesema kweli?

Marahaba mwanangu. Mdogo wako kasoma nusu ukurasa akafunga kitabu. Hata hivyo, usione haya: Bertrand Russell, Mwingereza na mtu wa hisabati, alimbana William James, mmoja wa hao Wamarekani, kwa hoja inayokaribiana na yako.

Falsafa hiyo ni upragmatiki. Mmarekani mwingine, Charles Peirce, aliuanza kwa swali la maana. Mwaka 1878 aliandika kwamba kukiita kitu kigumu ni kusema vitu vingi havitakikwaruza. Ukiondoa hayo yatakayotokea, neno limebaki tupu.

Sasa lete panga. Ukisema "hili dafu", umeahidi maji matamu na nyama laini ya kukombeka kwa kipande cha kifuu. Mteja akipasua akakuta nyama imekaza, kauli yako imejaribiwa ikaanguka, hata kama noti yake i mfukoni mwako. James, katika mihadhara aliyoichapisha 1907, alisema kweli ni wazo linalothibitika kadiri tunavyolitumia. (Aliipenda mno lugha ya biashara, na hapo alijiponza mwenyewe.)

Jumamosi napita hapo. Nichagulie moja, ila nitaligonga kwanza.