Zamu "Inasubiri": Inamsubiri Nani?

Maswali ya Wasomaji

Barua nne zilizotufikia kutoka mikoa ya Kusini zinazungumzia jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani: rosta iliyokuwa ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo sasa imehamia kwenye simu, na kila zamu imevishwa neno dogo la kueleza hali yake. Neno hilo ndilo linalozua mzozo. Kwa kuwa programu za kupangia zamu hutofautiana majina, nitatumia maneno ya Kiswahili yanayoeleweka, na msomaji atayalinganisha na yale anayoyaona kwenye simu yake.

Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi katika hospitali binafsi mjini Mtwara. Mkuu wetu wa wodi alipokwenda likizo niliachiwa kazi yake kwa wiki mbili, nikafunguliwa na ruhusa zake kwenye programu ya zamu, ingawa ratiba yenyewe hupangwa na metroni. Alhamisi niliona jina langu kwenye zamu ya usiku wa Jumamosi, kwa rangi iliyofifia, na chini yake neno "rasimu". Nilikwenda, nikamkuta mwenzangu ameshapokea ripoti, naye akaniambia kwamba kwenye simu yake hakuwahi kuliona jina langu. Wiki iliyofuata zamu yangu ya Jumatatu asubuhi ilisomeka "inasubiri kuthibitishwa". Kwa kuwa nilikwishatafunwa na nyoka, nilikaa nyumbani nikingoja ithibitishwe. Nimeandikwa "hakufika". Kosa langu liko wapi?
*Muuguzi, Mtwara*

Jibu: Pole, dada yetu. Mara ya kwanza ulisoma daftari la mtu mwingine, na mara ya pili ulingoja nje ya mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mkononi mwako.

Zamu huanza maisha yake ikiwa rasimu. Katika hatua hiyo mpangaji huandika majina, huyahamisha, huyafuta na kuyarudisha, na programu haimtumii mfanyakazi taarifa yoyote wala, kwa kawaida, haimwonyeshi kitu. Wanaoiona rasimu ni wale tu waliopewa ruhusa za usimamizi. Wewe uliiona kwa sababu ulikuwa umekalia kiti cha mkuu wa wodi. Mwenzako hakuiona kwa sababu hakutakiwa kuiona. Jina lililomo ndani ya rasimu ni wazo la metroni, halijawa agizo, na huenda alilibadilisha Ijumaa kwa sababu nzuri kabisa. Kwa mfano, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo tangu anapomaliza kazi hadi anapoanza tena, na ruhusa ya kuyapunguza ni finyu na huhitaji makubaliano ya maandishi. Kwa hiyo aliyetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi hapaswi kurudishwa wodini saa nane mchana wa siku hiyo hiyo. Mambo kama haya mpangaji huyagundua akiwa kwenye rasimu, na ndiyo maana rasimu ipo.

Metroni akiridhika, huitangaza ratiba. Programu nyingine husema "kuchapisha", na nimesikia kisa cha mhudumu aliyekwenda kwenye printa kuulizia karatasi yake. Tangu hapo zamu ni kauli ya mwajiri: simu yako inalia, jina lako linaonekana kwa wote wanaohusika, na mabadiliko yoyote yanapaswa kukufikia kwa taarifa mpya.

Sasa tufike kwenye neno lililokuponza. Ukisoma "inasubiri kuthibitishwa", Kiswahili chenyewe kinakuficha jambo, kwa sababu kauli ya kutendwa haimtaji mtenda. Kuthibitishwa na nani? Wewe ulidhani ni na metroni. Lakini metroni alikwisha maliza kazi yake alipotangaza. Aliyekuwa akisubiriwa ni wewe, ubonyeze kukubali au kukataa. Hali ya zamu haikuelezi tu zamu imefika wapi, inakueleza pia ni nani anayedaiwa hatua inayofuata. Rasimu inamdai mpangaji. Zamu iliyotangazwa na haijathibitishwa inamdai mfanyakazi. Zamu uliyoikataa inamrudia mpangaji, atafute mtu mwingine. Tatizo ni kwamba neno "inasubiri" hutumika pia kwa ombi la likizo, kwa ombi la kubadilishana zamu na kwa saa ambazo hazijaidhinishwa, na huko kote anayesubiriwa ni msimamizi. Kila ulionapo, liulize: linamsubiri nani?

Yapo pia maeneo ya kazi ambayo hayatumii kabisa hatua hii ya kuthibitisha: zamu ikishatangazwa, huhesabiwa kuwa imekubaliwa. Hilo ni chaguo la mwajiri katika mipangilio ya programu, nawe una haki ya kuambiwa hospitali yenu imechagua lipi.

Kuhusu "hakufika", tambua kwamba programu ina vitabu viwili. Kimoja ni cha mpango, ambamo zamu huwa rasimu, imetangazwa, imethibitishwa au imefutwa. Kingine ni cha mahudhurio, ambamo hujazwa kile kilichotokea kweli: ameingia, amechelewa, ametoka, hakufika. Kwa kawaida neno "hakufika" huwekwa na mashine yenyewe pale muda wa kuanza unapopita, pamoja na dakika za uvumilivu zilizowekwa, bila mtu kusajili kuingia kwake. Mashine haijui kama ulikuwa mgonjwa, ulikuwa safarini au ulikuwa nyumbani ukingoja kuthibitishwa. Hiyo ni kumbukumbu ya kutoonekana, na haijawa hukumu ya utoro. Mwandikie metroni maelezo mafupi yenye tarehe, uyaambatanishe na picha ya ukurasa wa simu yako ikiwa unayo, na uombe maelezo hayo yawekwe pamoja na rekodi ile. Usiombe rekodi ifutwe kimyakimya, maana programu nyingi huhifadhi jina la aliyebadilisha na saa aliyobadilisha, na ufutaji usio na maelezo hutia shaka zaidi kuliko kosa lenyewe.

Kwa maoni yangu, hospitali iliyowahamisha wauguzi kutoka ubaoni kwenda kwenye simu bila kuwaketisha hata kwa saa moja ya mafunzo haiwezi kukutupia lawama yote. Lakini nawe, dada, palipo na wagonjwa na shaka ya zamu, simu hupigwa.

Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ghala la korosho wilayani Masasi. Msimu unapochanganya, tunaongeza wapakiaji, na zamu zisizo na mtu tunaziweka "wazi" ili anayetaka aichukue. Juzi vijana wawili walibonyeza zamu moja na wote wakafika. Pia, zamu za wiki iliyopita zinasomeka "imekamilika", lakini mhasibu anasema hawezi kulipa. Je, kukamilika si ndiyo mwisho?
*Karani wa ghala, Masasi*

Jibu: Swali lako la pili lina jibu mlangoni pako. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/2008, mkulima wa Kusini anajua vizuri kwamba korosho kupimwa na kupokelewa ghalani si korosho kuuzwa, na kuuzwa mnadani si fedha kuingia mkononi. Kila hatua ina karatasi yake na mtu wake wa kutia saini. Zamu nayo ni hivyo hivyo. "Imekamilika" maana yake ni kwamba muda umepita, au kijana amesajili kutoka. Mzigo umeingia ghalani. "Imeidhinishwa" maana yake ni kwamba msimamizi ameulinganisha mpango na saa zilizofanywa kweli, akaridhika. Mhasibu hulipa kilichoidhinishwa, na baada ya hapo zamu "hufungwa", isiweze kuguswa tena. Kosa likigundulika wakati huo, marekebisho huingia kwenye malipo yanayofuata. Kwa hiyo vijana hawamdai mhasibu. Wanamdai yule mwenye ruhusa ya kuidhinisha, na kwa jinsi ulivyojieleza, nahofia ni wewe mwenyewe.

Usiidhinishe kwa mkupuo ili tu mhasibu anyamaze. Chukua mfano wa kijana aliyepangiwa saa 8 akapakia lori kwa saa 11. Mpango unasema 8, mahudhurio yanasema 11, na programu inangoja binadamu aamue. Kisheria saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, zinazozidi ni saa za ziada zenye malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, nazo hazitakiwi kupita 50 katika mzunguko wa wiki nne. Ukiidhinisha mpango badala ya kazi, umemnyima kijana haki yake. Ukiidhinisha mahudhurio bila kuyatazama, unaweza kumlipa mtu aliyesahau kusajili kutoka na simu ikaendelea kumhesabia hadi asubuhi akiwa usingizini.

Kuhusu zamu wazi, tazama mambo mawili. Kwanza, ni nafasi ngapi zilizoandikwa ndani yake, kwa sababu zamu moja inaweza kubeba watu wawili au kumi, na kidole kikiteleza kwenye tarakimu hiyo, watafika wengi. Pili, kama programu yenu inampa zamu anayewahi, au inapokea maombi ili msimamizi achague. Ikiwa ni maombi, kijana aliyebonyeza ameomba tu, hajapata, na hali yake inapaswa kusomeka "imeombwa" mpaka umjibu. Tena, simu iliyopoteza mtandao huonyesha picha ya zamani: zamu iliyochukuliwa saa nne inaweza kuendelea kuonekana wazi saa sita kwa aliyeko mahali pasipo na mnara. Waelekeze vijana wasitoke nyumbani kabla zamu haijasomeka kwa majina yao.

Ndugu Mhariri, tunafanya kazi katika hoteli moja Kilwa Masoko. Mwenzangu na mimi tulikubaliana kwa WhatsApp tubadilishane zamu, meneja akiwa kwenye kundi hilo. Mwenzangu hakwenda, na mimi ndiye niliyeandikwa "hakufika". Ni haki?
*Mhudumu, Kilwa*

Jibu: Kwa programu, zamu haikuwahi kuhama. Makubaliano yenu yalibaki WhatsApp, na zamu ikabaki kwa jina lako. Ombi la kubadilishana hupita mikono mitatu ndani ya programu yenyewe: wewe unaomba, mwenzako anakubali, meneja anaidhinisha, na mpaka mkono wa tatu upite, mwenye zamu ni mwenye zamu wa awali. Meneja kuwamo kwenye kundi hakumaanishi kwamba ameidhinisha, ingawa kama alijibu kwa kukubali, ujumbe huo ni ushahidi wa kumwonyesha unapoomba maelezo yaongezwe kwenye rekodi. Mwenzako mmalizane wenyewe.

Ndugu Mhariri, mimi ni mlinzi mjini Lindi, mtu mzima wa miaka 58, na simu hii nimenunuliwa na mwanangu. Niliambiwa zamu yangu ni usiku wa Jumatano, nikaenda, nikakuta mtu mwingine. Kesho yake nikapigiwa simu kwamba ninangojwa. Kisha nikahamishiwa zamu ya mchana, simu ikaandika 07:00, nikafika saa saba kamili. Nimeandikwa "amechelewa saa 6". Sijawahi kuchelewa katika maisha yangu ya kazi.
*Mlinzi, Lindi*

Jibu: Shikamoo, mzee wetu. Hukuchelewa kwa uzembe. Umegongana na saa mbili na kalenda mbili.

Sisi huhesabu saa tangu kunapopambazuka, programu huhesabu tangu usiku wa manane, na tofauti yake ni saa 6 kamili, ndizo ulizoandikiwa. Kuanzia 07:00 na kuendelea ondoa 6, na jibu likizidi 12 ondoa 12 nyingine: 07:00 ni saa moja asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Kabla ya 07:00 ongeza 6: 02:00 ni saa nane usiku.

Siku nayo ni hivyo hivyo. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapozama, na "usiku wa Jumatano" ni ule wa kuamkia Jumatano. Ulikwenda Jumanne jioni, na kwa hesabu hiyo ulikuwa sahihi. Programu hubadilisha siku saa sita usiku, na zamu inayovuka huiandika kwa tarehe ya kuanza, kwa hiyo Jumatano yake ni ile unayoingia Jumatano jioni na kutoka Alhamisi asubuhi. Usiipokee zamu ya usiku kwa mdomo tu. Omba utajiwe tarehe ya kuingia.

Mwombe msimamizi wako aandike maelezo kwenye rekodi ile ya kuchelewa, na wakati mnazungumza, muulize kuhusu posho ya usiku. Sheria niliyoitaja hapo juu huhesabu usiku kuanzia 20:00 hadi 06:00, na kila saa ya kazi ndani yake ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Katika zamu yako ya 19:00 hadi 07:00, saa 10 kati ya 12 zina nyongeza hiyo, lakini programu haiihesabu mpaka mtu aiwekee kanuni.

Jambo la mwisho umpe mwanao alikague: simu isomeke kwa majira ya Afrika Mashariki, ambayo yako saa 3 mbele ya yale ya Greenwich. Ikiwa imeachwa kwenye Greenwich, zamu yako ya 19:00 itaonekana kuwa ya 16:00, nawe utafika saa kumi jioni, lango likiwa bado mikononi mwa mlinzi wa mchana.