Adapta inajizima ukiwasha bodi? Angalia kapasita ya pini ya SS

Mkuu, umesema bodi yako ya TPS54331 (aisi ya kushusha volti) inashusha 12V kuwa 5V, mzigo unakula ampea 1 tu, lakini kila ukichomeka adapta ya 12V ampea 1.5 inajizima na kuwaka tena. Wadau wamekushauri ununue adapta kubwa. Mimi ningeiacha hiyo hiyo nikabadilisha kapasita moja ndogo.

Bodi ikiwashwa, kapasita za upande wa kutoka ziko tupu. Aisi inalinganisha fidibeki (sehemu ya volti ya kutoka inayorudishwa kwake) na volti yake ya rejea, 0.8V. Kama rejea hiyo ingekuwepo yote mara moja, aisi ingeona pengo kubwa na kuisukuma swichi hadi mwisho wa uwezo wake, na mkondo wa koili ungepanda mpaka uzuiwe na ulinzi. Kisha volti ikifika 5V, ampilifaya ya ndani ya aisi inayopima pengo hilo inakuwa imeelemea upande mmoja, inachelewa kurudi, na volti inapitiliza. Maikrokontrola ya 5V haivumilii hilo.

Kuzuia hilo ndiyo kazi ya pini ya SS (slow start, kuanza taratibu). Wengi wanadhani kuanza taratibu ni kuibana aisi isitoe nguvu. Kwenye aisi hii sivyo. Kinachopanda polepole ni rejea yenyewe. Ndani kuna chanzo cha maikroampea 2 kinachojaza kapasita ya pini ya 4, yaani SS, na mpaka pini hiyo ifike 0.8V, volti yake ndiyo inayotumika kama rejea. Pini ikiwa na 0.4V, lengo la aisi ni 2.5V tu; inalifikia, lengo linasogea, inalifuata. Udhibiti haupotei hata kidogo njiani, ndiyo maana naipenda sana njia hii.

Sasa hesabu ya kwako. Muda kwa milisekunde ni nanofaradi za kapasita ya SS mara 0.8, gawanya kwa 2. Umeweka 10nF, kwa hiyo ni 4ms. Umesema umeongeza kapasita ya 2200µF upande wa kutoka. Kuijaza hadi 5V ndani ya 4ms kunahitaji ampea 2.75. Jumlisha ampea 1 ya mzigo unapata 3.75, na volti inapokaribia 5 hiyo ni kama wati 19, bado hujahesabu upotevu. Adapta yako mwisho wake ni wati 18. Lazima ijizime.

Weka 22nF. Muda unakuwa 8.8ms, mkondo wa kujaza unashuka hadi ampea 1.25, jumla 2.25, yaani wati 11 na kidogo. Usipande zaidi ya hapo: datashiti inataka muda ubaki kati ya 1ms na 10ms. Na kama huna sababu ya msingi ya hiyo 2200µF, ipunguze. Kurundika kapasita upande wa kutoka bila kugusa SS ni tabia ninayoiona kwenye bodi nyingi zinazoletwa mezani kwangu, na haisaidii.

Kwa wale wa inveta na TL494 (aisi inayodhibiti upana wa mapigo ya kuwasha swichi), hapo mambo ni tofauti. Kapasita inatoka pini ya 14 (5V) kwenda pini ya 4, na rezista inatoka pini ya 4 kwenda GND (hasi). Mwanzoni pini ya 4 iko juu na mapigo yamezimwa. Kadiri inavyoshuka, mapigo yanapanuka. Hii inabana upana wa mapigo, haigusi rejea.

Ukimaliza, jaribu pia kuchomoa na kuchomeka haraka haraka. Kwenye saketi ya TL494, kapasita isipopata njia ya kumwaga chaji, uwashaji wa pili unakuwa wa ghafla kama vile haipo. Halafu kumbuka kwamba SS haihusiani na cheche ya kwenye plagi. Kapasita za upande wa kuingia zimeungwa moja kwa moja na adapta, zinajaa kabla aisi haijaamka. Kwenye pawasaplai za umeme wa ukutani kazi ya kupunguza mkondo huo wa mwanzo hufanywa na thamista ya NTC (rezista ambayo ukinzani wake hushuka ikipata joto).